Cheti cha baba hakikuandika sigara

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kila mmoja ameshachagua upande na sina wa kumweleza. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, wa pili kati ya watoto watatu. Baba yetu alifariki miezi mitano iliyopita akiwa na miaka 66. Aliamka alfajiri akilalamika kuwa kifua kinambana, akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri kiachie, na kabla hatujapata gari alikuwa ameshatuacha. Cheti cha kifo kimeandikwa mshtuko wa moyo, na chini yake shinikizo la damu. Basi, hakuna kingine.

Baba alivuta sigara tangu akiwa na miaka 17. Pakiti moja kwa siku, siku nyingine na ziada. Hakuwa mtu wa kujificha: alivuta sebuleni, alivuta akisoma, alivuta akitusahihishia hesabu za shule. Mpaka leo nikifunua madaftari yangu ya zamani nasikia harufu yake.

Siku tulipokusanyika kugawana vitu vyake, nilikuwa nimetoka kusoma taarifa ya takwimu za afya iliyosema kwamba nchini mwetu watu maelfu kadhaa hufa kila mwaka kwa magonjwa yatokanayo na sigara. Nilikuwa na uchungu, Mjomba. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana miaka 41 na anavuta, akachukua kiberiti cha gesi cha baba, kile cha chuma. Akakijaribu, kikawaka, akawasha sigara palepale mlangoni. Sijui kilinipata nini. Nikatoa simu, nikaisoma ile taarifa kwa sauti mbele ya mama na baba zetu wadogo, kisha nikasema: "Baba ni mmoja wa hawa. Sigara ndiyo iliyomuua, na wewe ndiye unayefuata."

Kaka hakupandisha sauti. Aliomba aletewe cheti, akakisoma chote, akaniuliza: "Sigara iko mstari wa ngapi?" Akasema hizo namba ni za kutunga, maana hakuna daktari anayeandika sigara kwenye cheti, sasa hao wanaohesabu wanahesabu nini? Baba mdogo akaongezea kuwa babu alivuta mpaka miaka 91 na alikufa kwa kuanguka. Mwingine akasema mbona siku hizi wavutaji wamepungua lakini vifo vinatangazwa vilevile. Sikuwa na jibu hata moja.

Tangu siku hiyo kaka hapokei simu zangu. Mdogo wetu ananiambia anavuta kuliko zamani, na akiguswa anasema atapunguza. Mama hakusema kitu siku ile na hajasema mpaka leo. Ila ana kikohozi tangu kabla ya msiba, hakijaisha, na yeye hajawahi kutia sigara mdomoni maisha yake yote.

Nijibu bila kunihurumia. Je, nilisema uongo? Wanaohesabu wanajuaje? Na nifanye nini kaka aache kabla hatujakaa kugawana na vitu vyake?

Binti wa Marehemu

---

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana kwa msiba.

Umesema nisikuhurumie, basi tuanze na hilo. Hukusema uongo. Ila ulisema jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kulijua kwa hakika, ukalisema kama shahidi aliyeliona kwa macho, tena mbele ya mjane. Na kaka yako alisema jambo la kweli kabisa, kwamba sigara haimo kwenye cheti, akajifichia nyuma yake. Nitakueleza hesabu inavyokwenda, kwa sababu uliuliza na kwa sababu ugomvi wenu wote umejengwa juu yake.

Nianze na cheti. Fomu ya kifo humtaka daktari aandike mfuatano: kilichomwondoa mtu mwishoni ni nini, hicho kililetwa na nini, na hicho nacho kililetwa na nini. Yanayoandikwa hapo ni magonjwa na majeraha. Sigara si ugonjwa. Mtu akifa kwa ajali ya gari, cheti husema fuvu lilipasuka. Hakisemi dereva alikuwa anakimbiza. Zipo nchi, Marekani mojawapo, ambazo fomu yao ina swali la pembeni: je, tumbaku ilichangia kifo hiki? Lakini hata huko, wanaotoa hesabu ya taifa hawategemei kisanduku hicho. Daktari wa zamu saa tisa usiku ana mengine ya kufanya kuliko kupekua historia ya moshi wa maiti.

Sasa wanahesabu nini? Wanahesabu ziada.

Chukua watu 1,000 wasiovuta na watu 1,000 wanaovuta, umri uleule, maisha yanayofanana kadiri inavyowezekana. Uwafuate kwa miaka kadhaa. Tuseme kati ya wasiovuta wamekufa 10 kwa ugonjwa wa moyo, na kati ya wanaovuta wamekufa 20. Namba hizi nimezibuni ili tuelewane, ila kwa mtu wa umri wa baba yako uwiano wa kweli hauko mbali na huo: mvutaji huwa na hatari ya kufa kwa moyo mara mbili hadi tatu ya asiyevuta. Wale 10 wa kwanza moyo ungewachukua hata kama dunia isingekuwa na tumbaku. Wale 10 wa ziada ndio wanaowekwa kwenye hesabu ya sigara. Ukishaujua uwiano, ukajua ni wangapi wanavuta nchini na ni wangapi wamekufa kwa moyo mwaka huo, unaweza kukadiria wangapi wasingekufa mwaka huo. Unafanya hivyo kwa kiharusi, kwa saratani moja moja, kwa mapafu yaliyoziba, kisha unajumlisha. Hiyo ndiyo namba uliyoisoma kwenye simu.

Lakini rudi kwa wale wavutaji 20 waliokufa. Ni nani kati yao aliye katika kumi za kawaida, na ni nani aliye katika kumi za ziada? Hakuna anayejua. Ukiwapasua hutaona tofauti, mishipa iliyoziba ni mishipa iliyoziba. Tunajua kwa uhakika kuwa kumi wamezidi, ila hatujui ni kina nani. Baba yako amelala humo, mpwa wangu. Hesabu ya taifa ni ya kweli na haina jina la mtu ndani yake. Wewe ukaliandika jina.

Ingekuwa ni saratani ya mapafu ningekupa jibu jingine. Hapo uwiano si mara mbili. Anayevuta ana hatari ya mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Mahali ambapo asiyevuta anakufa mmoja, wanaovuta wanakufa 20, na 19 kati yao ni ziada. Mtu aliyevuta kwa miaka 49 akifa kwa saratani hiyo, ukisema sigara imemuua hutakuwa umemsingizia mtu, ingawa hata hapo mmoja amebaki. Moyo una njia nyingi za kufika ulikofika. Baba yako alikuwa na shinikizo la damu pia. Huenda kulikuwa na mengine ambayo hakuyasema wala hakuwahi kupimwa.

Hapa niseme jambo ambalo watu hawalipendi. Ukitaja sigara, kila mtu anafikiria mapafu na saratani, mpaka picha za kwenye pakiti zinatuzoesha hivyo. Kumbe sehemu kubwa sana ya vifo vya wavutaji ni moyo na mishipa ya damu. Moshi unafanya damu igande kwa urahisi, unaharibu ngozi laini ya ndani ya mishipa, na hewa ya kaboni monoksaidi inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Haisubiri uvimbe ukue miaka 20. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa picha ya kifua, akaambiwa mapafu safi, akatoka hapo na kuwasha sigara ya kusherehekea. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na miaka 34. Nilivuta miaka 19, kwa hiyo usidhani nahubiri nikiwa juu ya mnara.

Kaka yako anasema namba zimetungwa. Mwambie, siku mtakapozungumza tena, kwamba waliozianza hawakuwa maadui wa sigara hata kidogo. Mwaka 1950 huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwahoji wagonjwa wa hospitali za London wakitafuta kwa nini saratani ya mapafu inaongezeka. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na dhana yake ya awali ilikuwa lami ya barabarani na moshi wa magari. Majibu yalipoanza kuonekana, akaacha sigara kabla hata hajamaliza utafiti. Mwaka uliofuata wakawaandikia madaktari wa Uingereza barua, kila mmoja aeleze anavyovuta, kisha wakakaa kusubiri nani atakufa na kwa nini. Madaktari wanaume 34,439 wakafuatwa kwa miaka 50. Nusu karne, mpwa wangu. Taarifa ya mwisho ilitoka mwaka 2004, Doll akiwa mzee wa miaka 91 akiweka jina lake juu ya kazi aliyoianza kijana. Walichokikuta ni kwamba mtu aliyevuta maisha yake yote alipoteza, kwa wastani, miaka kama 10 ya kuishi. Kumbuka neno wastani, tutalirudia kwa ajili ya babu.

Upande wa Marekani, mwaka huohuo wa 1950, Ernst Wynder na Evarts Graham nao walichapisha kazi iliyoonyesha jambo lilelile. Graham alikuwa daktari bingwa wa upasuaji. Mwaka 1933 alimtoa mgonjwa pafu zima lenye saratani na mgonjwa akapona, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwahi kufanikiwa. Alikuwa mvutaji mkubwa na mwanzoni aliicheka dhana ya kwamba sigara ndiyo chanzo. Namba alizozikusanya kwa mkono wake zikambadilisha, akaacha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Akafa mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu. Yule mgonjwa wa 1933 alikuwa bado hai. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila mara kuna mtu ananiambia, "Unaona? Kuacha hakukumsaidia." Ndiyo, aliacha akiwa mzee, baada ya miongo mingi. Nitafika huko.

Kwa nchi ambazo hazina kumbukumbu nzuri za nani alivuta na kwa muda gani, Richard Peto, Alan Lopez na wenzao walipendekeza mwaka 1992 ujanja ambao mimi binafsi naupenda. Kwa kuwa saratani ya mapafu ni nadra sana kwa asiyevuta, walisema, tuitumie kama nyayo. Mahali palipopita sigara pana nyayo hizo. Pima zilivyokuwa na kina kuliko kawaida, utajua moshi kiasi gani umepita kwenye vifua vya watu wale kwa miaka yote, kisha ukadirie magonjwa mengine kutokana na hapo. Si hesabu ya kutunga. Ni makadirio, na kuna tofauti kubwa kati ya maneno hayo mawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu wasiovuta waliokaa kwenye moshi wa wenzao. Ukibishana kama ni milioni 7 au 8, hujabadilisha kitu.

Yule aliyesema wavutaji wamepungua na vifo havipungui aliuliza swali zuri kuliko wote mliokuwa pale, na simlaumu. Jibu ni kwamba wanaokufa leo walivuta jana. Kati ya kupanda kwa uvutaji na kilele cha vifo hupita miongo mitatu, hata minne. Wamarekani walivuta sigara nyingi zaidi kwa kichwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vifo vya wanaume kwa saratani ya mapafu vilifika kileleni karibu na mwaka 1990, ndipo vikaanza kushuka. Kwa wanawake kilele kilichelewa zaidi kwa sababu nao walichelewa kuanza. Takwimu za vifo ni kama mwanga wa nyota, unachokiona kimeshatokea zamani. Kaka yako anaangalia taarifa ya mwaka huu akidhani inamzungumzia yeye. Inamzungumzia baba yake na rika lake. Ya kaka yako bado inaandikwa.

Haya, babu wa miaka 91. Kila familia inaye, na sijui kwa nini huwa anatajwa kwenye kikao kabla ya dakika ya kumi. Mwite shahidi kama unataka, lakini muulize alikuwa pamoja na nani. Kati ya wanaovuta bila kuacha, hadi nusu huuawa na tumbaku. Maana yake ni kwamba wengine, wengi tu, hufa kwa mambo mengine, na baadhi yao hufika uzee mkubwa. Babu alikuwa upande huo. Wenzake aliokuwa akivuta nao tangu ujana, wale walioondoka na miaka 52 na 58, hawakuhudhuria kikao chenu kutoa ushahidi. Na miaka 10 ya wastani haina maana kwamba kila mtu amekatwa 10. Babu hakukatwa hata mmoja pengine. Mwingine amekatwa 25. Ukitupa sarafu ikaangukia upande unaoutaka, hilo halikufanyi uirushe tena ukiwa umeweka maisha yako juu ya meza.

Nimeandika mengi kuhusu hesabu. Sasa nikwambie kwa nini nilitaka uielewe.

Uliposema "sigara ndiyo iliyomuua", wewe ulikuwa unalaumu sigara. Kaka yako alisikia kitu kingine: baba alijiua mwenyewe, kidogo kidogo, mbele yetu. Na mama, aliyeishi naye miaka yote hiyo, huenda alisikia: na wewe ulikuwa unamtazama. Hakuna mtoto anayekubali kesi hiyo iendeshwe wakati kaburi bado bichi. Aliposhika cheti na kuuliza mstari wa ngapi, alikuwa anamtetea baba yake. Ukilitazama hivyo utaona hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa mwana.

Kwa hiyo kesi ya baba ifunge. Huwezi kuishinda, kwa sababu hesabu yenyewe, kama nilivyokuonyesha, haina uwezo wa kutoa hukumu juu ya mtu mmoja. Na hata ungeishinda, ungepata nini? Namba inayokufaa wewe ni ile ya mbele, na hiyo ni nzuri mno kiasi kwamba nasikitika hukuanza nayo. Walewale madaktari wa Uingereza walipochambuliwa kwa umri walioacha, aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia kama miaka 3 kati ya ile 10. Aliyeacha na 50, miaka 6. Aliyeacha na 40, miaka 9. Kaka yako ana 41. Huyu si mtu wa kuambiwa "wewe ndiye unayefuata". Ni mtu ambaye karibu deni lote bado linafutika.

Ungemwambia hivyo siku ile, na kiberiti kikiwa mkononi mwake, sijui angejibu nini. Pengine asingejibu. Ila mlango ungebaki wazi.

Sasa cha kufanya. Kwanza mwandikie. Usipige, hapokei, na akipokea mtaanza upya. Andika maneno machache kama haya, kwa lugha yenu wenyewe: "Kaka, siku ile nilikosea. Sikupaswa kusema vile mbele ya mama, na kilichomuua baba sikijui kuliko cheti kinavyosema. Nakukumbuka." Ishia hapo. Usiweke sigara ndani ya ujumbe huo, wala takwimu, wala kiungo cha taarifa yoyote. Najua mkono utakuwasha. Uache uwashe. Kama hajajibu kwa wiki, usimwandikie wa pili wa kuuliza kama ameuona wa kwanza. Na kwa mama vilevile, uso kwa uso, bila maelezo marefu.

Pili, mtakapokuwa mnaongea tena, ngoja yeye aitaje. Ataitaja. Mvutaji wa miaka 41 aliyempoteza baba kwa moyo analala akijisikiliza mapigo usiku, hata kama mchana anacheka. Kusema "nitapunguza" ni ishara kwamba ameshaanza kujadiliana na nafsi yake. Hapo usimdhihaki, lakini umjulishe kwa upole kuwa kwa moyo hasa, kupunguza hakulipi kama watu wanavyofikiri. Anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayoibeba anayevuta 20. Kutoka 20 hadi 5 ni kazi kubwa yenye malipo madogo. Kazi hiyohiyo akiipeleka mpaka sifuri ndipo malipo yanapokuja, na kwa moyo huja mapema. Ndani ya mwaka mmoja tangu aache, ile hatari ya ziada inashuka kwa karibu nusu. Mapafu ni wavivu zaidi, hudai miaka kama 10 ili hatari ya saratani ipungue kwa nusu.

Tatu, asijaribu kwa misuli peke yake akidhani ndiyo uanaume. Mimi nilikuwa naacha kila Jumatatu. Wanaojaribu bila msaada wowote, wachache sana, chini ya mmoja kati ya kumi, huwa bado wameacha baada ya mwaka. Kuna mabandiko ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi, kuna chingamu za nikotini, na kuna vidonge vinavyoandikwa na daktari, varenikilini na bupropioni. Vyote huongeza uwezekano wa kufanikiwa, na vikienda pamoja na mtu wa kuzungumza naye huongeza zaidi. Watu huogopa wakidhani nikotini ndiyo inayoleta saratani. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kamba. Kinachoua kwa sehemu kubwa ni moshi wenyewe, wenye kemikali zaidi ya 7,000.

Ile hali ambayo vijana huiita arosto itamshika. Hasira, kukosa usingizi, njaa isiyo na adabu, kushindwa kutulia mahali. Kilele chake ni siku chache za kwanza, na kwa kawaida hulegea ndani ya wiki tatu au nne. Kila kiu ya sigara, hata iwe kali namna gani, hupita ndani ya dakika chache kama hujailisha. Ajue pia kwamba ule utulivu anaousikia akipiga pafu la kwanza ni sigara ikituliza kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Mimi jambo hilo nililielewa nikiwa nimeshaacha, na nilijisikia kama mtu aliyegundua kuwa alikuwa akikodishiwa nyumba yake mwenyewe.

Atateleza. Wengi wetu tuliteleza mara kadhaa kabla ya ile iliyoshika. Siku hiyo akikwambia amevuta, wewe useme "sawa, unaanza tena lini?" na usiseme neno jingine. Na kama anasema hawezi kuanza sasa kwa sababu ya msiba, msikilize. Ana haki ya kuchagua wiki yake. Mwombe tu aitaje tarehe.

Nne, na hili lisisubiri kaka yako ajibu ujumbe. Mpeleke mama kituo cha afya wiki hii. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinatakiwa kupimwa, achilia mbali cha miezi. Waangalie kifua kikuu, ambacho kinatibika, na waangalie mapafu kwa ujumla. Mweleze daktari kuwa ameishi na mvutaji wa ndani ya nyumba kwa miaka hiyo yote, kwa sababu asipoulizwa mama hatasema. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha utafiti wa wake wa ndoa zaidi ya 90,000 wasiovuta, akaonyesha kuwa wenye waume wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wenzao. Nakuambia wewe ili umsimamie daktari. Usimsomee mama. Mwambie tu kikohozi kimekaa sana na unataka mwende pamoja. Pengine ni kitu kidogo kabisa.

Umeniuliza kama ulisema uongo. Kama ungesema, "Baba alivuta miaka 49, na watu waliovuta kama yeye hufa kwa moyo mara mbili au tatu ya wengine," hakuna cheti duniani ambacho kingekupinga. Siku moja mtakaa na kaka yako, mtasema hivyo kwa sauti ya chini, na pengine yeye ndiye atakayeanza.

Na kile kiberiti cha chuma usikidai wala usikitaje. Akiacha leo au asipoacha kamwe, ni cha baba yake.

Mjomba